Siku 37 za Mwaka 1996: Katiba, Bajeti na Mwanamke wa Afrika Kusini

Tarehe 8 Mei 1996, Bunge la Katiba la Afrika Kusini lilipitisha mjini Cape Town katiba ambayo mpaka leo hutajwa kila zinapozungumzwa haki za wanawake barani Afrika. Kifungu chake cha 9 kinaikataza dola, na hata mtu binafsi, kumbagua mtu isivyo haki kwa sababu ya jinsi, jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, pamoja na rangi, dini, lugha na mengineyo. Siku 37 baadaye, tarehe 14 Juni, Waziri wa Fedha Trevor Manuel aliwasilisha bungeni mkakati wa Ukuaji, Ajira na Ugawaji Upya, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake cha GEAR, ambao uliazimia kupunguza nakisi ya bajeti, kulegeza udhibiti wa fedha za kigeni, kushusha ushuru wa forodha na kuuza sehemu ya mali za mashirika ya umma. Hati hizi mbili zilitoka katika serikali ileile, zikaandikwa kwa ajili ya wananchi walewale, lakini hazikutungwa kwa njia moja wala hazikuulizana maswali. Anayesoma katiba peke yake huona nchi iliyomkomboa mwanamke. Anayesoma mkakati wa uchumi peke yake huona nchi ambamo mwanamke hatajwi ila kwa kupita. Maisha ya wanawake wengi baada ya 1994 yalikuwa katikati ya hati hizo mbili, na hapo ndipo penye mkanganyiko unaostahili kufumuliwa.

Ni vyema kuanza na tofauti ya namna zilivyotungwa, kwa kuwa mengi yaliyofuata yalitokana nayo. Katiba ilijadiliwa hadharani kwa takribani miaka miwili. Wananchi walipeleka maoni yaliyokadiriwa kufikia milioni 2, mengi yakiwa saini za maombi ya pamoja, na mikutano ilifanyika hata katika vijiji ambavyo havikuwahi kuulizwa jambo lolote na serikali yoyote. Mkakati wa uchumi uliandaliwa na kundi dogo la wataalamu, haraka na kwa siri, baada ya thamani ya randi kuporomoka mapema mwaka huohuo. Hata washirika wa chama tawala cha ANC, yaani shirikisho la vyama vya wafanyakazi COSATU na Chama cha Kikomunisti, walilalamika kwamba hawakushirikishwa, na walipotaka kuujadili waliambiwa kuwa misingi yake haibadiliki. Wanawake walikuwa wamepigania viti katika chumba cha kwanza. Katika chumba cha pili hapakuwa na mlango wa kubisha.

Jinsi wanawake walivyoingia katika chumba cha kwanza

Viti hivyo havikutolewa kwa hisani. Mazungumzo ya kumaliza ubaguzi wa rangi yalipoanza mwishoni mwa 1991 katika mkutano wa CODESA, wajumbe walikuwa karibu wote wanaume. Hali hiyo iliwaudhi wanawake wa vyama vilivyokuwa vikipingana kwa kila jambo jingine, na mwezi Aprili 1992 wakaunda Muungano wa Kitaifa wa Wanawake, ambao Frene Ginwala alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Muungano huo uliwaweka pamoja wanawake wa ANC, wa chama cha National kilichokuwa kikitawala wakati huo, wa vyama vya kiliberali, wa makanisa, wa vyama vya wafanyakazi na wa mashirika ya vijijini, na lengo lao lilikuwa moja tu: kwamba wakati wa kuandika upya sheria za nchi, usawa wa wanawake usiachwe kuwa jambo la baadaye. Waliwasikiliza wanawake nchi nzima kuhusu kero zao, na Februari 1994 wakapitisha Mkataba wa Usawa wa Kweli. Neno "kweli" katika jina hilo lilichaguliwa kwa makusudi, maana walikuwa wanajua kwamba usawa wa maandishi pekee humwacha mtu pale ulipomkuta.

Mazungumzo yalipoanza upya huko Kempton Park mwaka 1993, shinikizo lao lilizaa kanuni kwamba katika wajumbe wawili wa kila chama, mmoja awe mwanamke. Kanuni hiyo ilionekana ndogo mpaka lilipofika suala la sheria za kimila. Viongozi wa jadi walitaka sheria hizo zisiguswe na kifungu cha usawa. Kama wangekubaliwa, mamilioni ya wanawake wa vijijini wangebaki chini ya mfumo uliomfanya mwanamke Mwafrika aliyeolewa kwa ndoa ya kimila ahesabiwe kisheria kama mtoto asiyefikia utu uzima, chini ya Sheria ya Utawala wa Watu Weusi ya mwaka 1927. Asingeweza kufungua kesi kwa jina lake, wala kumiliki mali au kufunga mkataba bila idhini ya mumewe au ndugu wa kiume. Wajumbe wanawake walikataa katakata, na hatimaye sheria za kimila zikatambuliwa, lakini chini ya katiba na si kando yake.

Uchaguzi wa Aprili 1994 uliwaleta wanawake 111 katika Bunge la watu 400, ilhali katika bunge la zamani walikuwa chini ya asilimia 3. Ginwala akawa Spika. Katika miaka michache iliyofuata zikapitishwa sheria ambazo kizazi kilichotangulia kisingezithubutu: ya kuruhusu utoaji mimba mwaka 1996, na mwaka 1998 peke yake sheria ya kutambua ndoa za kimila, ya kuzuia ukatili wa nyumbani, ya matunzo ya watoto na ya usawa katika ajira. Sheria ya ndoa za kimila, iliyoanza kutumika Novemba 2000, ilimfuta yule "mtoto wa kisheria" na kumpa mke uwezo kamili sawa na mumewe. Mwaka 2004, Mahakama ya Katiba ikabatilisha kanuni ya kwamba mirathi humwendea mwanamume mkubwa wa ukoo pekee, katika shauri lililohusu mabinti wawili wadogo wa Khayelitsha ambao nyumba ya baba yao ilikuwa inachukuliwa na babu yao. Haya si mambo ya kupuuzwa, na mtu anayedai kwamba demokrasia haikuwapa wanawake wa Afrika Kusini chochote hajui walikotoka.

Hesabu za chumba cha pili

Ili kuwatendea haki waliobuni GEAR, lazima kueleza walichokuwa wakikiona. Serikali mpya ilirithi deni kubwa lililokopwa na utawala wa ubaguzi, na riba yake ilimeza karibu moja ya tano ya bajeti, fungu lililozidiwa na elimu pekee. Kila randi iliyolipwa kwa wakopeshaji ilikuwa randi isiyojenga zahanati. Nakisi ilikuwa kubwa, akiba ya fedha za kigeni ilikuwa ndogo, na wawekezaji waliweza kuondoa fedha zao kwa siku moja, jambo ambalo kuporomoka kwa randi kulikuwa kumelidhihirisha. Hazina ikaamua kwamba imani ya masoko ndiyo ufunguo: nakisi ishushwe hadi asilimia 3 ya Pato la Taifa, mfumuko wa bei udhibitiwe kwa riba ya juu, ushuru wa bidhaa kutoka nje upunguzwe ili viwanda vishindane, na ukuaji ungefuata, ukifikia asilimia 6 kwa mwaka na ajira mpya 400,000 kwa mwaka ifikapo 2000.

Lengo la nakisi lilifikiwa, tena kwa kupitilizwa. Malengo ya ukuaji na ajira hayakufikiwa. Kwa wastani uchumi ulikua kwa chini ya asilimia 3, na katika sekta rasmi nje ya kilimo ajira zilipungua badala ya kuongezeka. Mwaka 1998, msukosuko wa fedha ulioanzia Asia ulipozifikia nchi zinazoinukia, riba ya benki ilipanda hadi zaidi ya asilimia 25, na yeyote aliyekuwa na mkopo wa nyumba au wa biashara ndogo aliumia.

Kwa juu juu hakuna kitu katika orodha hii kinachohusu jinsia. Nakisi haina mume wala mke. Lakini sera ya uchumi hupita ndani ya jamii iliyokwisha kugawana kazi, na hivyo kila hatua yake humwangukia mtu fulani zaidi ya mwingine. Ushuru wa nguo ulishushwa kwa kasi kuliko hata Shirika la Biashara Duniani lilivyotaka. Viwanda vya nguo vya Cape Town na Durban, ambavyo wafanyakazi wake wengi mno walikuwa wanawake, vikapoteza makumi ya maelfu ya ajira, na waliobaki wengi wakahamia kushona majumbani kwa malipo ya kipande, bila mkataba wala likizo ya uzazi. Migodi ya dhahabu nayo ilikuwa ikiwapunguza wanaume kwa mamia ya maelfu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Jambo hilo huhesabiwa kuwa la wanaume, ila mchimbaji aliyeachishwa kazi alirudi Transkei au Lesotho akiwa mikono mitupu na mara nyingi na mapafu yaliyoharibika kwa vumbi, na fedha alizokuwa akituma zikakoma, na wa kumuuguza akawa mkewe.

Hapo ndipo sera ya kubana matumizi inapogusa jambo ambalo takwimu za kawaida za uchumi hazilioni. Serikali inapopunguza wauguzi, kazi ya kuuguza haipungui; huhama tu kutoka hospitali kwenda nyumbani, kutoka kwa anayelipwa kwenda kwa asiyelipwa. Katika vitabu vya Hazina huonekana kama akiba. Mwaka 2000 shirika la takwimu la nchi hiyo lilifanya utafiti wa kwanza wa kitaifa wa matumizi ya muda, likagundua kwamba wanawake hutumia zaidi ya mara mbili ya muda ambao wanaume hutumia katika kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa kweli muda wa mwanamke ulikuwa mwepesi sana katika mizani ya waliokuwa wakipanga bajeti, kwa sababu haukuwekwa katika mizani hata mara moja.

Maji ni mfano ulio wazi. Katiba inatamka haki ya kila mtu kupata maji ya kutosha, na serikali ilifikisha mabomba kwa mamilioni ya watu ambao utawala wa ubaguzi ulikuwa umewasahau. Wakati huohuo sera ya kurejesha gharama ilizitaka mamlaka za maji zimtoze mtumiaji bei ya kuyafikisha. Wasioweza kulipa walirudi mtoni, na kwenda mtoni ni kazi ya mama na binti. Agosti 2000 kipindupindu kililipuka KwaZulu-Natal, katika eneo ambako baadhi ya wakazi walikuwa wametoka kukatiwa maji ya bure, na kabla hakijatulia watu zaidi ya 100,000 walikuwa wameugua. Mwaka 2001 serikali ilianza kutoa lita 6,000 za maji bila malipo kwa kila kaya kwa mwezi. Haki iliyoandikwa mwaka 1996 ilihitaji janga ili ipate fungu lake.

Ruzuku ya mtoto: mahali hati mbili zilipogongana

Hakuna sera inayoonyesha mgongano huu vizuri kuliko ruzuku ya matunzo ya mtoto, na ningemshauri kila anayesoma habari za mageuzi ya jamii katika nchi changa za kidemokrasia aitazame kwa makini, kwa kuwa inawakatalia wote wanaotaka jibu jepesi.

Chini ya ubaguzi kulikuwa na ruzuku iliyoitwa ya matunzo ya dola, iliyolipwa kwa mzazi asiye na mwenzi wa kumsaidia. Ilimlipa mama na ikamlipa mtoto, mpaka mtoto afikishe miaka 18. Kwa fedha za wakati huo ilikuwa kiasi cha kuishi. Kasoro yake ilikuwa kwamba waliokuwa wakiipata hasa ni familia za Machotara na Wahindi, na Wazungu wachache, ilhali wanawake Waafrika, waliokuwa maskini kuliko wote, walikuwa wamefungiwa nje, wengi wao kwa sababu mamlaka za bantustan, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, hazikuitoa kabisa. Katika nchi ambayo sasa katiba yake ilikataza ubaguzi, mpango huo haukuweza kubaki ulivyo hata kwa siku moja. Kulikuwa na njia mbili: kuwapandisha walioachwa chini wafikie kiwango cha waliokuwa juu, au kuwashusha waliokuwa juu. Njia ya kwanza ingezidisha gharama mara nyingi, na GEAR ilikuwa imeuzingira mkoba.

Mwishoni mwa 1995 serikali iliteua kamati chini ya mtafiti Francie Lund kutafuta njia. Kamati ilifanya kazi ndani ya mipaka ya fedha ambayo haikujiwekea, na ilichokipendekeza kilikuwa cha werevu na cha kuhuzunisha kwa pamoja. Ruzuku mpya ingekuwa ndogo, ingelipwa kwa watoto wadogo peke yao, na isingemlipa mama chochote kwa ajili yake mwenyewe. Lakini ingemfuata mtoto popote alipo. Ambaye angeipokea ni mlezi mkuu wa mtoto, awe mama, bibi, shangazi au jirani, bila kuuliza kama ameolewa, kama ameachika au kama baba anajulikana. Kwa nchi ambayo sheria za kuzuia watu kuhama, vibali vya pasi pamoja na mabweni ya wafanyakazi vilikuwa vimezivunja familia kwa karne nzima, hii ilikuwa mara ya kwanza kwa dola kuitambua familia kama ilivyo, badala ya kuidai iwe vile isivyoweza kuwa.

Baraza la Mawaziri lilipendekeza randi 75 kwa mwezi. Mashirika ya wanawake, makanisa na vyama vya wafanyakazi yakapaza sauti, na ruzuku ilipoanza Aprili 1998 ilikuwa randi 100 kwa mtoto aliye chini ya miaka 7. Ruzuku ya zamani ikapunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikafutwa mwaka 2001, na wanawake walioitegemea, wengi wao katika Rasi ya Magharibi, waliona kipato chao kikiyeyuka. Walipoteza kwa jina la usawa. Si rahisi kuwaambia kwamba haki imetendeka, ingawa kwa mizani ya taifa ilikuwa imetendeka zaidi ya jana.

Kilichofuata hakikutarajiwa na walioitunga. Masharti yalilegezwa, na kampeni za kiraia pamoja na fedha zilizopatikana riba ya deni iliposhuka zikauinua umri wa mtoto hadi miaka 14 kufikia 2005, na hadi 18 kufikia 2012. Wakati huo ilikuwa inawafikia watoto zaidi ya milioni 11, na wapokeaji walikuwa karibu wote wanawake. Pamoja na pensheni ya wazee, ambayo tofauti zake za kibaguzi ziliondolewa mwaka 1993 na ambayo bibi vijijini huigawa kwa wajukuu, imekuwa nguzo inayozuia mamilioni ya kaya zisianguke kabisa. Watetezi wa GEAR husema, na hoja yao ina uzito, kwamba bila nidhamu ya miaka ile serikali isingeweza kumudu upanuzi huu. Deni la taifa lilishuka kutoka karibu nusu ya Pato la Taifa katikati ya miaka ya 1990 hadi chini ya asilimia 30 mwaka 2008.

Naikubali hesabu hiyo, ila naona inaacha swali moja bila kuligusa. Miaka ile ya kusubiri haikuwa tupu. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 mwaka 1998, aliyetoka katika ruzuku siku yake ya kuzaliwa, alikula nini hadi 2005? Alilishwa na mtu, kwa kazi ya mtu, na ukopeshaji huo haukuandikwa katika deni la taifa. Vilevile muundo wa ruzuku yenyewe ulibeba uamuzi ambao haukutangazwa: mtoto anastahili fedha ya umma, mlezi wake hastahili. Malezi yakabaki kuwa kitu kinachochukuliwa kama hewa. Sheria ya matunzo ya mwaka 1998 iliwapa mahakimu uwezo wa kuagiza mwajiri akate mshahara wa baba asiyetimiza wajibu wake, jambo jema sana, lakini kwa baba asiye na mshahara haikuwa na la kukata.

Ukimwi na wauguzi wasio na sare

Kama kulikuwa na wakati ambapo hesabu hii iliyofichwa ilifunuliwa, ni wakati wa Ukimwi. Mwaka 1990 maambukizi miongoni mwa wajawazito waliopimwa katika kliniki za umma yalikuwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2000 yalikuwa asilimia 24.5. Serikali ilianza vizuri mwaka 1994 kwa kufuta malipo ya matibabu kwa wajawazito na watoto walio chini ya miaka 6, na hatua hiyo iliwafikisha hospitalini wanawake ambao awali wangejifungulia nyumbani. Walipofika walikuta vitanda vilivyojaa na wauguzi wachache. Wagonjwa wa Ukimwi wakawa wanaruhusiwa mapema ili wakauguzwe majumbani, na neno "huduma ya nyumbani" likaingia katika nyaraka za sera kana kwamba nyumba ina mikono yake.

Mikono hiyo ilikuwa ya wanawake wa kujitolea, wengi hawana ajira, wakitembea kutoka nyumba hadi nyumba kuosha vidonda, kupika uji na kukaa na wanaokaribia kufa, bila malipo au kwa posho ndogo. Kuanzia 2004 baadhi yao waliingizwa katika mpango wa kazi za umma wakapewa posho ya kudumu kidogo, lakini bado si mshahara wa mtumishi wa afya. Kwa dawa, ilibidi Mahakama ya Katiba iiagize serikali mwezi Julai 2002 kutoa nevirapini, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi, kwa wajawazito katika hospitali zote za umma zenye uwezo, baada ya wanaharakati wa kampeni ya tiba kushinda kesi. Serikali ilikuwa imedai, miongoni mwa mengine, kwamba haina uwezo. Mahakama iliipima hoja hiyo ya uwezo kwa kuitazama haki, na hilo ndilo jambo ambalo Hazina haikulifanya siku 37 baada ya katiba kupitishwa.

Waliojaribu kufungua mlango

Wapo waliouona mpasuko huu mapema. Katikati ya 1995, wabunge waliohusika na kamati ya fedha walishirikiana na watafiti wa mashirika mawili ya kiraia, Debbie Budlender akiwa miongoni mwao, kuanzisha Mradi wa Bajeti ya Wanawake. Jina lilipotosha wengine. Hawakutaka bajeti ya pembeni kwa wanawake. Walitaka kusoma bajeti yote, kuanzia ulinzi hadi kilimo, na kuuliza kila fungu linamfikia nani na linamwachia nani kazi. Wazo lilitoka Australia, ambako serikali ilikuwa imelijaribu tangu miaka ya 1980, lakini Waafrika Kusini walilipeleka nje ya serikali na kulichanganya na swali la rangi na la umaskini, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo, zilijifunza kwao. Wizara ya Fedha ililijaribu kwa muda, na mwaka 1998 na 1999 nyaraka za bajeti zilikuwa na maelezo ya kijinsia. Kisha yakakoma. Hapakuwa na sheria ya kuyalazimisha, na waliokuwa wakiyasukuma bungeni walikuwa wakipungua, wengine wakipandishwa vyeo serikalini ambako kukosoa bajeti kuna gharama yake.

Pregs Govender, aliyeongoza kamati ya Bunge ya hali ya wanawake, aliilipa gharama hiyo. Kamati yake ilikuwa imechambua sheria na bajeti kwa macho ya wanawake maskini, na ununuzi wa silaha uliotiwa saini mwaka 1999, ambao gharama yake ilitajwa kuwa takribani randi bilioni 30, aliuona kuwa jibu la kila aliyekuwa akisema fedha hakuna. Mwaka 2001 alipinga bajeti ya ulinzi bungeni, akiwa mbunge wa chama tawala, na mwaka uliofuata akajiuzulu ubunge. Idadi ya wanawake bungeni iliendelea kupanda baada yake. Nguvu yao juu ya fedha haikupanda nayo.

Hatima ya wafanyakazi wa ndani inaonyesha jinsi njia kati ya hati mbili zilivyokuwa ndefu. Walikuwa kama milioni moja, karibu wote wanawake Waafrika, na chini ya ubaguzi hawakulindwa na sheria yoyote ya kazi. Hatua kwa hatua waliingizwa: kanuni za saa za kazi, kisha Novemba 2002 kima cha chini cha mshahara, randi 800 kwa mwezi mijini na 650 vijijini kwa mfanyakazi wa muda wote, kisha mwaka 2003 bima ya kukosa ajira. Jambo moja lilibaki nje, nalo ni fidia ya ajali kazini, kwa kuwa sheria ya mwaka 1993 ilikuwa imewatenga kwa kuwataja. Mwaka 2012 mfanyakazi mmoja wa ndani alikufa maji katika bwawa la kuogelea la mwajiri wake mjini Pretoria, na binti yake, aliyekuwa akimtegemea, akaambiwa hana anachostahili kulipwa. Binti huyo alikwenda mahakamani. Tarehe 19 Novemba 2020, Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba kuwatenga wafanyakazi wa ndani ni kinyume cha katiba, na ikaamuru hukumu hiyo irudi nyuma hadi tarehe 27 Aprili 1994, siku ambayo wanawake wale walipiga kura kwa mara ya kwanza. Tangu hapo, mwajiri wa mfanyakazi wa ndani anatakiwa kumwandikisha katika Mfuko wa Fidia na kumlipia mchango kila mwaka.